Shaba ni yetu, ugomvi ni wa nani?



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mashindano ya mataifa makubwa. Najua wengine watasema: hiyo ni siasa ya mbali, ni mambo ya wakubwa wa Washington na Beijing, sisi shida yetu ni maji, ni umeme, ni bei ya unga wa bukari. Wana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo nawaomba mnisikilize, kwa sababu mashindano hayo yamekwisha kuingia katika mji huu mara nyingi, na kila mara yalipoingia hayakubisha hodi kwa jina lake. Yalikuja kama swali moja tu, ambalo ninyi nyote mnalijua: hapa mwenyeji ni nani, na mgeni ni nani?

Tuanze zamani kidogo. Kabla ya mzungu yeyote kufika, shaba ilikuwa ikichimbwa na kuyeyushwa katika nchi hii, na misalaba ya shaba ilitumika kama pesa. Mfalme Msiri alikuwa na mji wake mkuu Bunkeya, kaskazini mwa hapa. Mwaka 1890 alifika kwake Mwingereza Alfred Sharpe, aliyetumwa upande wa Cecil Rhodes, akitaka Msiri aweke alama yake juu ya karatasi. Msiri akakataa. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, katika msafara wa Stairs, ambao ulikuwa umeanzia pwani ya Zanzibar pamoja na wapagazi wengi wasemao Kiswahili. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891 wakamwua Msiri kwa risasi. Hivyo ndivyo Katanga ilivyoingia mikononi mwa Leopold na siyo mwa Rhodes. Mpaka ule mnaouvuka Kasumbalesa mkienda kununua vitu Zambia ni alama ya mashindano yale.

Wabelgiji walipoanza kuchimba, walikuta wana shaba nyingi na watu wachache. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ya kwanza haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, katika Rhodesia ya Waingereza, ikafika Elisabethville mwaka 1910, na kwa njia hiyo wakaja pia wafanyakazi wengi toka kusini. Wabelgiji wakaingiwa na hofu. Pesa za Waingereza, reli ya Waingereza, wafanyakazi toka nchi ya Waingereza: watabakiwa na nini? Ndipo walipoanza kutafuta watu upande mwingine, katika Kasai, katika Lomami, na hata Ruanda na Urundi. Mwaka 1928 reli ya kwenda Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilipofunguliwa, njia ya Kasai ikawa nyepesi. Kampani ikawaleta watu pamoja na wake zao, ikawajengea kambi, ikawapa posho. Wataalamu wa historia wanaeleza kwamba hata Kiswahili kilipewa nguvu makambini na mashuleni kwa sehemu kwa sababu hiyo hiyo, ili lugha za kusini na Kiingereza visitawale. Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, hata lugha hii ninayowasemesha nayo asubuhi ya leo ni mtoto wa mashindano ya wakubwa. Nasi tumeilea, imekuwa yetu.

Hapo pana jambo la kushika. Mtu ambaye baba yake wa babu alitoka Mwene-Ditu au Kabinda hakuamka siku moja akasema, naenda kuchukua kazi za watu wa Likasi. Aliletwa kwa treni na kampani iliyokuwa ikishindana na kampani nyingine. Na mtu ambaye babu zake walikuwa hapa siku zote, akaona kazi nzuri na nafasi za ofisi zinakwenda kwa waliotangulia shuleni, naye hakuwa na wivu wa bure. Alikuwa na neno la haki la kusema. Wote wawili waliwekwa pamoja na mtu wa tatu, ambaye leo hayupo tena tumwulize.

Sasa tuje Shinkolobwe, ambako toka hapa ni kama kilomita 20 tu. Mwaka 1915 lilionekana pale jiwe lenye madini ambayo mwanzoni yalitafutwa kwa sababu ya radiamu, dawa ya hospitali iliyokuwa na bei kupita dhahabu. Uraniamu iliyobaki haikuwa na thamani kubwa. Lakini vita vya pili vya dunia vilipoanza, mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, akaogopa Wajerumani wasije kuishika. Mwaka 1940 akatuma zaidi ya tani 1,200 za mawe yale mpaka New York. Yakakaa ghalani pale miaka miwili. Mwezi wa 9 mwaka 1942 afisa wa jeshi la Marekani aliingia katika ofisi ya Sengier, na kabla ya kutoka walikuwa wamepatana juu ya karatasi ya kawaida. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 ilitoka katika udongo wa hapa. Wafanyakazi waliolichimba jiwe lile kwa mikono hawakuambiwa linakwenda kufanya nini.

Toka siku ile Katanga ikawa mahali ambapo Marekani na Urusi ya Kisovieti kila mmoja alitazama kwa jicho la kumwogopa mwenzake. Hapo hofu ya wakubwa ilikutana na mambo yetu ya nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliruhusu watu wapige kura kwa mara ya kwanza katika miji mitatu: Leopoldville, Elisabethville na mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Jadotville. Katika Elisabethville walioshinda walikuwa wengi ni watu wa Kasai. Mwaka 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa, kikisema kwamba Katanga iongozwe na Wakatanga wa kweli. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, siku kumi na moja tu zikapita. Tarehe 11 mwezi wa 7 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Maofisa wa Kibelgiji wakamsaidia, na Union Minière ikalipa kodi kwake badala ya kulipa Leopoldville. Lumumba, alipoona Umoja wa Mataifa haumrudishii Katanga, akaomba msaada kwa Warusi. Na hapo Wamarekani wakamhesabu kuwa adui. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 aliuawa karibu na Elisabethville. Bunge la Ubelgiji lilikuja kuchunguza habari hiyo, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji ikaomba radhi.

Wengi wenu mmesikia habari ya Waairlandi waliopigana hapa mwezi wa 9 mwaka 1961. Walikuwa kama 155, askari wa Umoja wa Mataifa. Walizungukwa na jeshi la Tshombe na askari wazungu wa kukodiwa, wakapigana siku tano mpaka maji na risasi vikawaishia, wakajitoa. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kwenda kuonana na Tshombe. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu ya wale Waairlandi. Ni filamu nzuri kwa mtu anayependa bunduki, lakini haitupi habari za watu wa Jadotville wenyewe. Ukitaka kujua nani alilipa deni la vita ile, nenda kwa wazee. Watakuambia juu ya Baluba wa kaskazini mwa Katanga ambao vijiji vyao vilichomwa, na juu ya kambi ya wakimbizi ya Elisabethville, mwaka 1961 na 1962, ambako makumi ya maelfu walilala chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa kwa sababu majirani zao walikuwa wamekuwa hatari kwao. Mwezi wa 1 mwaka 1963 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Jadotville, na katika mwezi huo huo Tshombe akasema kujitenga kumekwisha. Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina la Likasi.

Habari za vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978 nazipita haraka. Askari waliotoka Angola, ambako walikuwako Wacuba na silaha za Warusi. Wamoroko walioletwa kwa ndege za Wafaransa. Askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji waliotua Kolwezi. Mnazijua. Neno moja tu nataka mlikumbuke: toka mwaka 1975 reli ya Benguela, ile inayopita hapa Likasi, Tenke, Kolwezi na Dilolo kwenda bahari ya Lobito, ilikatika kwa sababu ya vita vya Angola. Katika miaka ile ile Wachina walikuwa wamejenga reli ya TAZARA toka Dar es Salaam mpaka Zambia. Reli moja ikafa, nyingine ikazaliwa, na sababu zote mbili zilikuwa siasa za dunia. Tutairudia habari hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa twende polepole, kwa sababu katika nyumba nyingi za mji huu jambo hili bado halizungumzwi mezani. Ni mwaka 1992.

Mobutu alikuwa rafiki wa nchi za Magharibi kwa sababu moja kubwa: alikuwa ukuta wao mbele ya ukomunisti. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, ukuta wa Kinshasa nao ukapoteza bei. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 akatangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi wa 5 wanafunzi wakauawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na Ubelgiji ikakata msaada wake. Mwezi wa 9 mgodi wa Kamoto, mkubwa kuliko yote ya chini ya ardhi ya Gécamines, ukabomoka. Kampani ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Fikirini maana yake kwa mji kama Likasi, mji wa viwanda vya Shituru na Panda, ambako mshahara, hospitali, shule na hata unga vilikuwa vikitoka Gécamines.

Hapo ndipo njaa ilipotafuta jina la mtu. Mwezi wa 8 mwaka 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI wakahubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Sikilizeni vizuri neno lile. Mtu hamwui jirani yake akiwa bado anamwita jirani. Lazima kwanza ampe jina lingine.

Vita vikawaka hapa Likasi. Watu walifukuzwa katika nyumba ambazo walizaliwa ndani yake, wakakimbilia mashuleni na kwenye gare. Wakakaa pale majuma na miezi wakingoja treni, familia juu ya familia, mvua za mwisho wa mwaka zikiwanyeshea. Watoto na wazee wakafa kwa kuhara na kwa njaa. Wengine wakafa ndani ya mabehewa, njiani kwenda Kasai ambayo hawakuwahi kuiona. Mwaka 1993 mambo yale yale yakafanyika Kolwezi. Waliofukuzwa katika jimbo zima walihesabiwa kwa malaki. Na wako pia Wakatanga waliowaficha majirani zao chumbani na kuwapelekea bukari usiku kwenye gare. Hao mpaka leo hawakupewa nishani.

Nani alipata faida? Mwenyeji wa Likasi alipata nyumba tupu na kampani iliyopoteza mafundi wake. Kwa Mobutu, faida ilikuwa wazi: Tshisekedi na Nguz, ambao mwaka 1991 walikuwa pamoja katika Union Sacrée dhidi yake, wakawa maadui, wafuasi wao wakauana, naye akabaki kitini miaka mitano zaidi.

Kuna methali tunayoipenda mno, ile ya ndovu wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Mimi siipendi sana, na niwaambie sababu. Inatufanya sisi nyasi, na nyasi hazina kosa wala akili. Mwaka 1992 hapakuwa na ndovu hata mmoja kwenye gare ya Likasi. Ndovu walikuwa wameondoka. Walikuwapo watu wa hapa, wenye majina, waliosoma shule moja na waliowafukuza. Mkubwa wa mbali anahitaji rafiki aliye karibu na mgodi. Rafiki huyo anahitaji umati nyuma yake. Na umati, ili ukae pamoja, unapewa adui ambaye mlango wake unaujua. Hata mkubwa wa mbali akienda zake, umati na adui wake wanabaki. Katika mlolongo huo mimi na wewe tuna mahali petu, na mahali hapo tunaweza kukataa.

Sasa leo. Mchezo umeanza upya, na wachezaji wamebadilika.

Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ile inayowekwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Kwa hakika inafika karibu robo tatu. Sehemu kubwa inasafishwa Uchina. Wachina waliingia kwa nguvu mwaka 2008 na mkataba wa Sicomines, madini kwa barabara, ambao ulirekebishwa mwaka 2024. Mwaka 2016 kampani ya Kimarekani Freeport iliuza mgodi wa Tenke Fungurume kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Wakati ule Washington haikusema neno kubwa. Leo inajuta. Mwaka 2022 Angola iliwapa kampani za Ulaya reli ya Lobito kwa miaka 30, Marekani ikaahidi mkopo, na mwezi wa 12 mwaka 2024 rais Joe Biden akaenda mwenyewe Angola kwa ajili yake. Uchina nayo haikulala: mwaka 2025 kampani yake ilitia sahihi na Tanzania na Zambia kuitengeneza upya TAZARA, kwa dola bilioni 1.4. Reli zile mbili nilizowatajia zinashindana tena, na mji wetu uko juu ya mojawapo. Kwa sasa mzigo mwingi bado unakwenda kwa kamio, na ninyi wa kando ya barabara kuu mnajua, vumbi mnalila ninyi.

Serikali yetu nayo imejaribu kucheza. Mwezi wa 2 mwaka 2025 ilizuia kobalti isitoke nchini ili bei ipande, na toka mwezi wa 10 ikaweka kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hivyo hivyo 2027. Na kuna vita vya mashariki. M23 iliingia Goma mwezi wa 1 mwaka 2025 na Bukavu mwezi wa 2. Kongo ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikaleta askari wake, ikawarudisha. Ikawaita wa SADC, nao wakarudi. Mwishoni ikabisha mlango wa Washington. Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2025 marais Tshisekedi na Kagame walitia sahihi pale mapatano ya amani, na siku ile ile Kongo na Marekani wakatia sahihi ushirikiano juu ya madini. Kabla ya juma kwisha M23 ilikuwa imeingia Uvira. Sisemi kwamba mapatano yale ni bure. Nasema kwamba karatasi ya amani na karatasi ya madini zilipotiwa sahihi siku moja, raia ana haki ya kuuliza ipi inabeba nyingine.

Na hapa Likasi, ugomvi huu umeanza kutafuta jina la jirani. Mnayasikia maneno. Treni ikifika toka Kasai na vijana wanaotafuta kazi, kuna mtu anayesema, wanarudi kutumeza. Mwingine akimwona mtu mrefu mwenye pua nyembamba sokoni anasema, huyu ni Mnyarwanda, ni M23, hata kama mtu yule amezaliwa Kalemie na anauza nguo zake toka miaka kumi. Kijana akifukuzwa kazini anasema kosa ni la Mchina aliyebeba nyundo pamoja naye, siyo la mkataba wa kazi ambao hakuonyeshwa. Mimi nikiyasikia maneno hayo nawaza juu ya gare.

Kwa kuwa nilisoma sheria, niruhusuni niseme sheria inavyosema, kwa maneno mepesi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa mahali popote nchini. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au mahali mtu anapokaa. Na iko sheria ya tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 inayoadhibu ukabila na chuki ya rangi kwa kifungo. Ndiyo, mwaka ule ule mji uliporudishiwa jina lake. Ilikuwapo mwaka 1992, na hakuna aliyeitumia hapa Likasi wakati ilipohitajika.

Lakini sheria ya kukataza haitoshi. Mtu mwenye njaa ukimwambia tu asimchukie jirani, utakuwa umemnyima na hasira yake pia. Hasira hiyo ina mahali pake pa haki. Kifungu cha 58 cha katiba kinasema Wakongomani wote wana haki ya kufurahia utajiri wa taifa. Kanuni ya migodi, iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inasema namna gani. Kampani ikilipa ushuru wa madini, tuseme franka 100: franka 50 zinakwenda serikali ya Kinshasa, 25 zinakwenda jimbo, 15 zinakwenda kwa mji, komini, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi umo, na 10 zinawekwa akiba kwa vizazi vijavyo. Kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya pekee mwishoni mwa mwaka 2018, ushuru ni asilimia 10, si 3 na nusu kama ya shaba. Juu ya hayo kampani inatakiwa kutoa sehemu ndogo ya mauzo yake yote, 0.3 kwa mia, kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi, na kuandika pamoja nao kitabu cha masharti, kinachoitwa kwa Kifaransa cahier des charges: shule gani, kisima gani, zahanati gani, mwaka gani.

Ninapouliza katika mikutano yetu ni nani amekwisha kuona kitabu hicho kwa macho, mikono inayoinuka huwa michache sana. Bali nikiuliza ni nani anayejua kabila la meya, wote wanajua.

Kuna kifungu kingine, cha 214, ambacho watu hawakijui. Kinasema mapatano ya amani, ya biashara, na yale yanayogusa pesa za serikali hayawezi kuthibitishwa ila kwa sheria iliyopigiwa kura bungeni. Kinasema pia kwamba hakuna kipande cha nchi kinachoweza kutolewa kwa mwingine bila wananchi wenyewe kuulizwa kwa kura. Maana yake, mbunge wa Likasi ana kazi ya kusoma yale yaliyoandikwa Washington, na yale yaliyoandikwa na Wachina pia. Akija kwenu wakati wa kura na mashati na unga, mwulizeni amesoma ukurasa gani.

Nimalizie kwa swali ambalo vijana wanatuuliza mara nyingi: basi tuchague nani, Marekani au Uchina? Jibu langu halitawafurahisha wanaopenda kushangilia kama mpirani. Mnunuzi ni mnunuzi. Mwaka 1942 mnunuzi alikuwa Mmarekani na mchimbaji hakuambiwa kitu. Mwaka 2008 alikuwa Mchina, na mkataba ulijadiliwa juu sana, mbali na watu wa hapa. Mimi nitampima kila mmoja kwa karatasi zake: ametangaza mkataba? Amelipa zile 15 katika 100, nani alizipokea, zilijenga nini? Anamwandikisha mfanyakazi kwa jina lake na mshahara wake, au anamchukua kwa siku moja moja kwa mlango wa nyuma? Akijibu vizuri, toka wapi hainihusu. Na mwenzangu wa Kasai, wa Kivu, wa Bunkeya, tunayauliza maswali hayo pamoja, kwa sababu kisima kikichimbwa tutachota wote.

Wale walio karibu na mgodi, nendeni kwenye ofisi ya komini au ya sekta, watu watatu au wanne pamoja, mwombe kwa heshima kuonyeshwa kitabu cha masharti. Mkijibiwa hakipo, andikeni tarehe na jina la aliyejibu, mtuletee hapa redioni. Juma lijalo tutasoma pamoja ukurasa kwa ukurasa namna kitabu hicho kinavyotakiwa kuandikwa, na nani anayetakiwa kuweka sahihi. Mje na kalamu.